Barua ya wazi kwa viongozi wa elimu: Ilindeni alasiri ya klabu katika sekondari za Mwanza

Kwa:
Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI),
Mkuu wa Mkoa wa Mwanza,
Wakurugenzi wa halmashauri nane za Mkoa wa Mwanza.

YAH: MUDA, VIFAA NA MAFUNDI KWA AJILI YA KLABU ZA WANAFUNZI

Waheshimiwa,

Salaam kutoka Igombe, Manispaa ya Ilemela.

Mimi ni fundi boti. Nilianza na mitumbwi ya mbao, na sasa kazi kubwa ni boti za faiba kwa kuwa wavuvi wengi wameelekea huko. Ni mzazi pia, nina watoto sekondari, na kwa mwaliko wa mwalimu mlezi nimekuwa nikienda shule moja ya kata kufundisha klabu ya ufundi baada ya vipindi. Naandika kwa sababu nchi yetu imeanza jambo jema katika elimu, nami nikiwa huku chini mwaloni, boti zinapotia nanga, napaona mahali linapokwama. Uwezo wa kulikwamua mnao ninyi.

Ombi langu nalitanguliza ili msilitafute: kila shule ya sekondari ya mkoa huu iwe na alasiri moja kwa wiki ya klabu na kazi za mikono, ilindwe kwa waraka, isichukuliwe na masomo ya ziada wala kambi za mitihani, na ipewe vifaa pamoja na fundi wa kusaidiana na mwalimu.

Jambo jema ninalolisema ni mtaala ulioanza Januari 2024 kufuatia Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023. Sasa sekondari ina mikondo miwili, wa elimu ya jumla na wa amali. Wa amali anasoma fani pamoja na masomo mengine, na anatarajiwa kumaliza akiwa na cheti cha kidato cha nne na cheti cha ufundi. Hata aliyeko mkondo wa jumla ana Elimu ya Biashara kama somo la lazima. Nililipokea hilo kwa furaha na bado nina furaha nalo. Lakini shule zenye mkondo wa amali ni chache. Watoto walio wengi, wakiwemo wa kwangu, wako mkondo wa jumla kwenye shule za kata ambazo hazina hata meza ya fundi. Kwa hao, mahali pekee shuleni pa kushika nyundo, koleo, jembe au kompyuta na kufanya nayo kitu mpaka kikaisha ni klabu. Kwa hiyo klabu ikifa, kwa watoto hao ujuzi umekufa, sera iseme lolote.

Na tumeshawahi kupita njia hii. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Likaja Azimio la Musoma mwaka 1974, na katika miaka hiyo ya sabini sekondari zetu zikapangiwa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu. Hapa Mwanza Bwiru Wavulana ikawa na jina kwa ufundi, na mafundi waliopita pale nimefanya nao kazi. Unamtambua mtu wa Bwiru kwa namna anavyochora kabla hajakata. Lakini katika shule nyingi zana zilichakaa bila kubadilishwa, walimu wa ufundi wakastaafu bila warithi, mtihani ukabaki wa kuandika tu. Sera haikuwa mbaya. Ilikosa zana, walimu na muda, na hayo matatu ndiyo yanayonifanya niandike leo kabla mtaala huu mpya haujafika huko.

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakitoka, napokea vijana. Mzazi anakuja naye asubuhi: "Fundi, nimekuletea kijana wako, mpe hata kazi ya kusukuma randa." Nawapokea, maana nami nilipokelewa hivyo hivyo. Ni vijana wenye akili. Muulize kanuni ya Archimedes, ataitaja bila kusita. Mpe futi kamba apime ubao wa inchi nane kwa moja, vile vistari vidogo vilivyo kati ya inchi na inchi vinampa shida. Mwambie taruma hili, yaani ubavu wa boti, limelala, haoni lilivyolala. Boti ikishushwa majini ikaegemea upande mmoja, haimjii kwamba hii ndiyo ile kanuni aliyoiandika kwenye mtihani wa Fizikia akapata alama nzuri. Inachukua muda mrefu mikono yake ikutane na kile alichonacho kichwani, na muda huo wote anakula kwa wazazi bila kipato. Wengine wanakata tamaa, wanakwenda kubeba samaki Mwaloni Kirumba au kuomba pikipiki ya mtu. Si aibu kubeba samaki, wengi wetu tumelelewa kwa kazi hiyo. Kinachouma ni kwamba mtoto huyu amekaa darasani miaka kumi na moja, na kile alichokuja kukitafuta kwangu angeweza kukianza akiwa kidato cha kwanza.

Nimeshaona inavyokuwa anapokianza mapema. Klabu ninayoisaidia ilichagua kutengeneza vichanja vya kuanikia dagaa. Wazo lilitoka kwa wanafunzi wenyewe, kwa sababu nyumbani kwao dagaa wanaanikwa mchangani, na mvua ikinyesha ghafla mzigo unaoza, na hata jua likiwaka wanauzwa wakiwa na mchanga. Tulipata mirunda, nyavu kuukuu za dagaa na misumari. Kichanja cha kwanza kilisimama vizuri mpaka kiliposukumwa kidogo, kikayumba chote. Niliwaachia wakitazame. Walibishana sana, wakaongeza misumari, bado kikayumba. Mwishowe binti mmoja wa kidato cha tatu akachukua mrunda akauegemeza mshazari kati ya miguu miwili, akasema pembetatu haipindi. Ukapigiliwa, kichanja kikatulia. Siku nyingine niliwaonyesha namna sisi mafundi tunavyohakikisha kona iko sawa bila kifaa chochote: pima futi tatu upande huu, nne upande ule, mshazari lazima usome tano. Mwalimu wa Hisabati alikuwepo. Akachukua chaki, akaiandika ile hesabu kwenye ukuta wa jiko la shule, na sijawahi kuona watoto wakiielewa Pythagoras kwa haraka namna ile.

Dagaa wa kwanza waliokauka pale walitazamwa na mama mmoja mchuuzi anayepita kununua kwa ajili ya soko la mjini. Aliwachota mkononi, akawapuliza, hakukutoka vumbi. Akauliza shule ina kiasi gani. Klabu ikaanza kuandika daftari: gharama za nyavu, bei ya ndoo, faida, nani ameweka nini. Hiyo ndiyo Elimu ya Biashara ambayo mtaala unaitaka, na ilifanyika nyuma ya jiko bila kitabu.

Kisha ukaja muhula wa mitihani. Alasiri yetu ikapewa kidato cha pili wanaojiandaa na upimaji wa taifa. Tukahamishiwa Jumamosi, Jumamosi nayo ikachukuliwa na masomo ya ziada ya kidato cha nne. Klabu haikufutwa na mtu yeyote. Ilikosa tu siku, na klabu isiyo na siku haidumu.

Simlaumu mkuu wa shule. Nimezungumza naye, ni mtu anayependa watoto. Lakini anapoitwa kwenye kikao cha tathmini anaulizwa amepata sifuri ngapi na daraja la kwanza ngapi. Hakuna anayemuuliza wanafunzi wake wametengeneza nini mwaka huu. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza kumi bora za kitaifa mwaka 2023, na naupongeza uamuzi ule. Lakini huku chini tunaendelea kupanga shule zetu wenyewe, kuanzia mitihani ya utamilifu (mock), ya kwanza hadi ya mwisho, na ya mwisho inasimamishwa mbele ya wenzake. Mkuu wa shule akiwa kwenye hali hiyo, akitafuta saa mbili za kuongezea Hisabati, atazichukua wapi? Atachukua za klabu, kwa sababu hazina mtetezi.

Waraka ndio utakaozitetea. Uandikwe wazi kwamba alasiri ile ni sehemu ya ratiba kama kilivyo kipindi cha Kiswahili, na Wathibiti Ubora wa Shule wanapokuja kukagua waombe kuona kazi za klabu: kitu kilichotengenezwa, bustani, daftari la mapato na matumizi, mdahalo uliorekodiwa. Swali hilo moja likiingia kwenye fomu ya ukaguzi, mambo mengi yatajipanga yenyewe. Na wanaohofia ufaulu waangalie ule ukuta wa jiko. Mtoto aliyepima kona kwa futi kamba haisahau ile hesabu kwenye chumba cha mtihani.

Mbona michezo tumeweza? UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ina kalenda, ina ngazi kuanzia shule hadi taifa, ina jezi, ina basi la kuwapeleka watoto, na mkuu wa wilaya anakwenda kukabidhi kombe. Naipenda UMISSETA na sitaki ipunguziwe hata mpira mmoja. Nataka ufundi na ubunifu nao upate ngazi kama hizo. Tayari kuna MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza mwaka 2019, ambayo yana kundi la shule za sekondari. Kinachokosekana ni ngazi za chini za kumfikisha mtoto wa Ukerewe au Kwimba huko. Viwanja vya Nanenane vya Nyamhongolo tunavyo hapa hapa Ilemela. Wiki ile ya Agosti, banda moja la shule za mkoa, kila halmashauri ilete klabu zake, lingewafanya wazazi waone kwa macho yao kwamba klabu haipotezi muda wa mtoto.

Nije kwenye karakana. Serikali haiwezi kujenga karakana kwenye kila shule ya kata kwa mwaka mmoja, na hilo silidai. Lakini tazameni tulivyojaliwa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, iko Nyakato, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, iko huko huko. Nyegezi kuna kampasi ya FETA inayofundisha uvuvi na ufugaji wa samaki. DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ina kampasi yake hapa Mwanza inayofahamika kwa teknolojia ya ngozi. Sengerema na Kwimba kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi. Karakana hizo zina saa ambazo mashine zimezimwa. Shule zilizo jirani zikipangiwa zamu, klabu ya umeme Jumatano, ya uchomeleaji Alhamisi, mwanafunzi wa shule isiyo na kitu atakuwa amegusa mashine halisi kabla hajamaliza kidato cha nne. Inahitaji makubaliano ya maandishi kati ya halmashauri na vyuo, mtu wa kusimamia, na umeme na vifaa vya kutumika vilipiwe. Leo mwalimu mlezi akitaka kuwapeleka wanafunzi chuoni anaandika barua kivyake, anasubiri, anachangisha nauli kwa wazazi, na safari inaishia kuwa ya kutazama mara moja.

Na hata hizo za kutazama tunazikosa. Mkoa huu umeshuhudia kazi kubwa za uhandisi katika miaka hii michache. Daraja la J.P. Magufuli kutoka Kigongo hadi Busisi, kilomita tatu juu ya maji, lilijengwa tangu 2020 likafunguliwa Juni 2025. Meli ya MV Mwanza, ya abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, iliundwa pale Mwanza Kusini, hapa mjini kwetu. Reli ya kisasa kutoka Isaka inakuja. Watoto wa mtaani kwetu waliyaona hayo wakiwa upande wa pili wa uzio. Mikataba ya miradi kama hiyo ikiwa na kipengele kimoja kinachomtaka mkandarasi apokee klabu za shule kwa ratiba maalumu, na usalama wao ukazingatiwa, mtoto atamwona mchomeleaji wa Kitanzania akishona chuma cha meli. Picha hiyo inabadilisha mawazo ya mtoto kuhusu yeye mwenyewe.

Kuhusu walimu nina la kusema kwa uzito, kwa sababu hapa ndipo sisi mafundi tunapohusika. Mwalimu wa Kemia aliyepewa ulezi wa klabu ya ufundi hakusomea ufundi, na anafanya kazi hiyo bila posho, baada ya vipindi vyake vyote. Wakati huo huo mita chache kutoka shuleni kuna fundi wa injini za boti, fundi cherehani, fundi umeme, mama anayetengeneza sabuni, kijana anayerekebisha simu. Chukueni faiba. Kuziba ufa wa boti ya faiba unachanganya resini na dawa ya kuigandisha. Dawa ikizidi, mchanganyiko unachemka na kupasuka. Ikipungua, haugandi, na boti inarudi kwako baada ya wiki ikiwa inavuja. Kipimo hicho ni Kemia tupu, na fundi anakijua kwa mkono wakati mwalimu anajua kinachotokea ndani yake. Wakikaa pamoja alasiri moja, wanafunzi wanapata vyote viwili. Mwanzoni mwa 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikuja hapa Mwanza kuzindua ugawaji wa boti na vizimba vya kufugia samaki kwa mkopo nafuu. Boti hizo zitahitaji mafundi wa kuzikarabati. Vizimba vitahitaji vijana wanaojua kupima uzito wa sato na kukokotoa chakula chao kwa asilimia ya uzito huo, maana chakula ndicho kinachokula faida ya mfugaji. Vijana hao wako darasani sasa hivi.

VETA ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi anapimwa, anapewa mafunzo ya kuziba mapengo, anapata cheti. Utumieni utaratibu huo kuandaa orodha ya mafundi wa kata wanaoruhusiwa kusaidia klabu, wenye cheti, waliochunguzwa tabia na kuelekezwa namna ya kukaa na watoto. Kisha wapewe posho ya kipindi, hata ndogo. Fundi anayeacha kazi alasiri anaacha riziki ya siku hiyo. Wapo tunaojitolea na tutaendelea, lakini mpango wa serikali usijengwe juu ya kujitolea peke yake.

Hapa kuna jambo la kuangaliwa kwa makini. Mialoni tunawajua watoto wanaofanyishwa kazi za watu wazima, wanaovuta nyavu usiku na kusinzia darasani asubuhi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inawalinda, na ilindwe. Kwa hiyo mwongozo useme waziwazi tofauti ya kujifunza na kutumikishwa: mwanafunzi anakuja na mwalimu, mchana, kwa saa zilizopangwa, hatumwi mizigo, haingizwi majini kuvua, na kazi anayoifanya ni ile iliyo kwenye mpango wa klabu. Mabinti wawe na mlezi mwanamke. Mwongozo ukiwa hivyo, mkuu wa shule hataogopa kutoa ruhusa, na fundi asiye mwaminifu hatapata mwanya.

Sasa niongee kuhusu maji yenyewe, jambo ambalo sielewi kwa nini halizungumzwi zaidi katika mkoa kama huu. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama tukiwa karibu kuiona ikifika bandarini, tukapoteza mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara, wakafa zaidi ya watu 200. Kati ya ajali hizo kubwa ziko ndogo ndogo zisizotangazwa, mtumbwi mmoja na vijana watatu, upepo wa ghafla. Watoto wetu wanaishi ufukweni, wengi wao wataingia ziwani kwa kazi, na shule haiwafundishi kuogelea. Naomba kila sekondari iliyo kando ya ziwa, kuanzia Ilemela na Nyamagana hadi Magu, Sengerema, Buchosa na visiwa vya Ukerewe, iwe na klabu ya kuogelea na uokoaji. Wajifunze kuvaa jaketi okoa sawasawa, kumvuta mtu anayezama bila wote wawili kuzama, kumhudumia aliyekunywa maji, kusoma utabiri wa ziwa unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa na kuupeleka nyumbani kwa baba anayetoka kuvua. Wajifunze kwa nini boti iliyojazwa kupita alama yake inapinduka. FETA wana wataalamu, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wana wataalamu, na wavuvi wakongwe wako tele. Ujuzi huu hauna ushindani na somo lolote. Klabu kama hizi zingekuwepo kwa miaka yote hii, naamini baadhi ya tuliowazika tungekuwa nao.

Fedha. Najua ndipo mtakapouliza. Ruzuku ya uendeshaji wa sekondari ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake inakwenda kwenye vitabu. Shule ya wanafunzi 800 hiyo ni milioni 20 kabla ya kutoa ya vitabu, na kutokana nayo kuna chaki, umeme, maji, ukarabati, mitihani ya ndani. Hakuna mashine ya kuchomelea itakayotoka humo, na wala tusiwabane wakuu wa shule waitoe. Lakini waajiri wenye wafanyakazi kumi na kuendelea wanatozwa asilimia 3.5 ya mishahara kwa ajili ya kuendeleza ujuzi. Naomba Wizara zinazohusika ziangalie kutenga sehemu ya tozo hiyo kwa vifaa vya klabu za sekondari, kwa sababu ujuzi hauanzi mtu akishafika chuoni. Klabu inahitaji vitu vichache: randa, misumeno, patasi, pimamaji, futi kamba, drili, koleo, mita ya umeme, cherehani mbili, sanduku lenye kufuli la kuvitunzia na mwanafunzi mwenye ufunguo. Nimeona klabu ikifanya makubwa kwa vifaa pungufu ya hivyo.

Kuna fedha nyingine ambayo halmashauri mnaitoa tayari, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mnajua tatizo la vikundi vya vijana linavyokuwa. Kikundi kinaundwa haraka kwa sababu mkopo umetangazwa, wanachama hawajuani vizuri, hakuna anayeweza kazi iliyoandikwa kwenye andiko la mradi, fedha inapotea na marejesho yanakwama. Klabu iliyokaa pamoja miaka minne, yenye daftari lake, yenye mweka hazina aliyezoea kuulizwa maswali, yenye ujuzi mmoja wanaoujua wote, ikifikisha umri wa kisheria ndiyo kikundi mnachokitafuta. Wekeni utaratibu wa kuzifuatilia klabu hizo baada ya kidato cha nne, na maofisa maendeleo ya jamii waanze kufahamiana nazo zikiwa bado shuleni.

Muda nao unakimbia. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya walioingia kidato cha kwanza mwaka 2024 watafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2027. Na kwa mabadiliko ya elimu ya msingi kuwa miaka sita, mwaka 2028 tunategemea watoto wa darasa la sita na wa darasa la saba wapande kidato cha kwanza kwa pamoja. Madarasa yatajaa, walimu watalemewa, na kitu cha kwanza kusukumwa nje kitakuwa klabu. Waraka ukitoka sasa, shule zitakuwa zimeshazoea alasiri hiyo kabla wimbi halijafika. Ukisubiri mpaka 2028, hakuna mkuu wa shule atakayepata nafasi ya kuanza jambo jipya.

Mwanza kwa sensa ya 2022 ina watu 3,699,872, na ukipita mitaani utaona wengi ni vijana. Siwaombi muwape wote ajira. Naomba kila anayepita sekondari awe amewahi kutengeneza kitu kwa mikono yake, kikakataa, akakirudia mpaka kikakubali, akiwa na mtu mzima anayejua kazi pembeni yake.

Kwa kuanzia, naomba ofisi ya Ofisa Elimu Mkoa iitishe kikao kimoja kabla ratiba za mwaka ujao hazijapangwa. Wawepo wakuu wa shule, walimu walezi wa klabu, Wathibiti Ubora, VETA, FETA, SIDO, viongozi wa mialo na mafundi. Ajenda iwe hiyo alasiri: siku gani, karakana ipi kwa shule ipi, nani analipia vifaa. Mafundi wa Igombe tumeshazungumza, wa boti, wa injini na wa cherehani, na tuko tayari kupangiwa shule. Mwaliko ukipitia kwa watendaji wa kata utatufikia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi boti na mzazi,
Igombe, Ilemela, Mwanza.